Nipange wapi Chicago bila gari: Hyde Park, Uptown au Rogers Park?

Mgeni_Njiani

Wakuu, poleni na majukumu. Nahamia Chicago mwezi wa nane na sina mpango wa kununua gari, angalau kwa mwaka wa kwanza. Nimepekua matangazo ya nyumba mtandaoni mpaka nimebaki na tatu:

1. Hyde Park, studio kubwa, ghorofa ya tatu, dola 1,350 kwa mwezi.
2. Uptown, chumba na sebule, karibu kabisa na stesheni ya Wilson, dola 1,550.
3. Rogers Park, chumba na sebule, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Morse, dola 1,400. Ukitoka nje na kutembea kidogo unaliona Ziwa Michigan.

Ninachotaka ni mtaa ambao nikitoka mlangoni nanunua mboga, napata duka la dawa, napanda treni na kupata sehemu ya kupumzika, vyote kwa miguu. Wenyeji mnashauri ipi? Naomba kuwasilisha.

Nesi_wa_Zamu

Karibu sana ndugu. Swali zuri ila umetuachia mashimo mengi. Unafanya kazi wapi? Unaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi? Uko peke yako au na familia? Na hiyo kodi uliyoandika, joto la majira ya baridi limo au utalipa mwenyewe? Usipojibu hayo kila mtu atakusifia mtaa anaoishi yeye.

Kusini_Damu

Hyde Park, wala usipepese macho. Nimeishi pale tangu nilipokuja kusoma na sijaona sababu ya kuhama. Barabara ya 53 ina supamaketi, benki, vinyozi, sinema na sehemu za kula. Barabara ya 57 ina maduka ya vitabu. Chuo Kikuu cha Chicago kiko palepale, kwa hiyo hata usiku unakuta watu barabarani, na askari wa chuo wanazunguka mpaka nje ya eneo la chuo. Ukitaka ziwa, unapita njia ya chini kwenye barabara ya 55 na unatokea Promontory Point, watu wamekaa juu ya mawe wanaogelea. Miti mikubwa, nyumba za matofali za zamani, majirani wanasalimiana. Mtu anayependa kutembea akifika pale haondoki.

Mzee_wa_Devon

Kijana wangu Kusini_Damu, mtaa wenu mzuri, sikatai, ila mweleze mgeni ukweli wote. Treni ya L, ile ya mjini inayoendeshwa na CTA, haiingii Hyde Park. Mnayo Metra Electric, treni ya vitongojini, ambayo inakufikisha Millennium Station katikati ya mji haraka, lakini haiji kila baada ya dakika chache kama L, na tiketi yake si ya CTA. Red Line, njia mojawapo ya L, iko stesheni ya Garfield, ng'ambo ya bustani ya Washington Park, inabidi upande basi namba 55 kwanza. Kwa mtu asiye na gari hilo ni jambo la kuanza nalo.

Mgeni, njoo Rogers Park. Tuna vituo vinne vya Red Line: Loyola, Morse, Jarvis na Howard, na Red Line inatembea saa 24. Barabara zetu nyingi za mashariki zinaishia mchangani, ufuko wa bure, hulipi kiingilio. Basi namba 155 linaanzia hapohapo Morse na kukupeleka Devon, kwenye maduka ya Wahindi na Wapakistani. Mchele wa magunia, dengu, viungo, nyama halali, vyote unavipata mtaa mmoja. Na kodi inashuka kadiri unavyopanda kaskazini kutoka Lakeview, ndiyo maana unapewa chumba na sebule kwa 1,400.

Kusini_Damu

Mzee wangu, shikamoo. Basi namba 6 umelisahau. Linapita Lake Shore Drive mpaka katikati ya mji bila kusimamasimama. Watu wa kaskazini mnaongea kana kwamba usafiri ni L peke yake.

Mzee_wa_Devon

Marahaba. Sijalisahau. Siku ya theluji nzito kwenye Lake Shore Drive utaniambia limekufikisha saa ngapi.

Wa_Argyle

Naomba kuitetea Uptown kwa sababu naona imeachwa. Wilson ni stesheni iliyojengwa upya, ina lifti, inapokea Red Line wakati wote na Purple Line saa za watu kwenda na kurudi kazini. Kutembea kutoka pale hadi Argyle ni kidogo tu, na Argyle ndiko waliko Wavietnamu: samaki wabichi, mihogo, ndizi za kupika, majani ya kila aina, pilipili unazozijua. Ukienda kaskazini kidogo kwa barabara ya Broadway unaingia Edgewater, kuna Waethiopia na Waafrika wa sehemu nyingi. Upande wa ziwa una bustani ya Montrose na ile njia ya ufukweni ya Lakefront Trail, karibu kilomita 30, inaanzia Ardmore pale Edgewater mpaka barabara ya 71 kusini. Rogers Park haina njia hiyo, imeishia kabla ya kuwafikia. Mzee wangu anisamehe.

Hatua_kwa_Hatua

Kabla hamjaendelea, mgeni ajue jinsi ya kupima umbali katika mji huu, maana ni rahisi kuliko miji mingi. Namba za nyumba zinaanzia sifuri kwenye makutano ya State na Madison. Kila namba 800 ni maili moja, yaani kilomita 1.6. Wilson iko 4600 kaskazini, gawa kwa 800, ni kama maili 5.75. Morse iko 6900 kaskazini, zaidi ya maili 8.6. Upande wa kusini maili tatu za kwanza zimebanwa tofauti (Roosevelt, Cermak na barabara ya 31), baada ya hapo inarudi kwenye namba 800, yaani barabara nane, kwa maili. Kwa hiyo barabara ya 53 nayo iko maili 5.75 kutoka Madison.

Yaani Hyde Park na Wilson ziko umbali uleule kutoka katikati ya mji, zaidi kidogo ya kilomita 9. Rogers Park iko karibu kilomita 14. Anayesema Hyde Park ni mbali na anayesema Rogers Park ni karibu wote waangalie namba.

Faida nyingine: karibu kila maili moja kuna barabara kubwa yenye basi. Ukiona tangazo lina anwani, unajua papo hapo utatembea kiasi gani mpaka kwenye basi hata kabla ya kufungua ramani.

Tairi_Nne

Mimi nitakuwa tofauti na wenzangu. Chukua nyumba yoyote, nunua gari la mkono wa pili. Januari ya Chicago si ya kutembea. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha uwanja wa ndege wa O'Hare kilishuka mpaka nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri. Dakika kumi za miguu kwenye upepo wa ziwa siku kama ile si jambo la kumwambia mtu mgeni.

Hatua_kwa_Hatua

Mkuu Tairi_Nne, siku ileile magari mangapi yaligoma kuwaka? Na mweleze gharama zote. Stika ya mji, bima, kibali cha kuegesha kwenye mitaa yenye kanda. Halafu kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka tarehe 1 Aprili kuna barabara kubwa ambazo hairuhusiwi kuegesha kuanzia saa tisa usiku mpaka saa moja asubuhi, hata kama hakuna theluji hata chembe. Mgeni ataamka gari limevutwa. Mtu amesema hataki gari, tumshauri alichouliza.

Tairi_Nne

Nimemshauri kwa nia njema. Ninachosema ni kwamba baridi iwekwe kwenye hesabu. Dakika kumi za Julai na dakika kumi za Februari si sawa, na matangazo ya nyumba yanapigwa picha Julai.

Mgeni_Njiani

Asanteni sana wakuu, nimesoma yote. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Maswali ya Nesi_wa_Zamu:

Kazi ni maabara ya hospitali, Illinois Medical District. Naingia saa moja jioni natoka saa moja asubuhi. Mke wangu na mtoto wetu wa miaka minne watanifuata mwezi wa kumi na mbili. Joto: Rogers Park wameandika limo ndani ya kodi, Uptown nalipa mwenyewe, Hyde Park hawajasema. Sina historia ya mikopo Marekani, nina barua ya ajira tu na akiba.

Nesi_wa_Zamu

Haya sasa, umebadilisha mjadala wote! Ungeanza na haya. Mimi nimefanya zamu hizo katika eneo hilohilo, sikiliza.

Kwanza, studio ifute. Wewe utalala mchana, na mtoto wa miaka minne hawezi kunyamaza kuanzia asubuhi mpaka alasiri kwenye chumba kimoja. Hapo mama atalazimika kumtoa nje kila siku, na hiyo ni Desemba.

Pili, zamu ya usiku haimaanishi utasafiri usiku wa manane. Utaondoka nyumbani kama saa kumi na mbili jioni na kurudi saa moja na kitu asubuhi. Saa hizo treni zimejaa watu na zinakuja mara kwa mara. Kwa hiyo hofu ya Red Line ya saa tisa usiku isikutawale, labda siku ukiruhusiwa mapema.

Tatu, na hili watu hawalifikirii: kelele. Unasema nyumba ya Uptown iko karibu kabisa na Wilson. Pale treni zinapita juu, kwenye daraja, Red na Purple. Kama dirisha la chumba cha kulala linaangalia reli, wewe unayelala mchana utaisikia kila treni. Muulize dalali chumba kinaangalia wapi, na omba video iliyopigwa mchana dirisha likiwa wazi.

Nne, kufika kazini. Kituo chako ni Illinois Medical District kwenye Blue Line, au Polk kwenye Pink Line. Kutoka Wilson au Morse unapanda Red Line mpaka Jackson, unapita njia ya chini kwa chini kwenda Blue Line, halafu vituo vitano. Kutoka Hyde Park utabadilisha vyombo vya aina mbili au vitatu. Kutoka Morse kila siku kwenda na kurudi, baada ya saa 12 za kusimama maabara, utachoka.

Kusini_Damu

Hapo kwenye kazi umenishinda. Kwa Medical District nakubali Hyde Park si rahisi. Ila kwa mtoto, bado nasema hakuna mtaa kama huo.

Chini_ya_Reli

Mbona hakuna aliyetaja Pilsen? Stesheni ya 18th ya Pink Line, kituo kinachofuata ni Polk. Kituo kimoja tu! Siku treni zikisumbua unatembea kwa miguu, haifiki nusu saa. Basi namba 9 la Ashland nalo linatembea usiku kucha. Barabara ya 18 yenyewe imejaa maisha: mikate asubuhi, mboga, matunda, tortilla za moto, michoro ya ukutani kila kona. Mwendo kidogo uko National Museum of Mexican Art, kuingia ni bure, mtoto atakuwa anakwenda kila wiki. Mtu akiuliza mtaa wa kutembea kwa miguu na anafanya kazi Medical District, jibu ni Pilsen.

Wa_Argyle

Pilsen kodi zimepanda sana, na familia za Wameksiko zilizoujenga ule mtaa zinaondoka kwa sababu hiyo. Wenyewe wanalalamika miaka mingi. Na ziwa liko mbali.

Chini_ya_Reli

Zimepanda, kweli, ndiyo maana wakazi wenyewe wanapigania nyumba za bei nafuu. Lakini mgeni hachukui nyumba ya mtu kwa kupanga ghorofa ya pili kwa mwenye nyumba aliyeishi pale maisha yake yote. Atafute nyumba za namna hiyo, asikimbilie majengo mapya yenye ukumbi wa mazoezi.

Mzee_wa_Devon

Kwa mtoto aende Oak Park. Blue Line hiyohiyo inamfikisha kazini bila kubadilisha treni, kwenda katikati ya mji kuna Green Line pia, maduka ya kutembelea kwa miguu yapo, miti ipo.

Mpangaji_Sugu

Mzee, Oak Park ni mji mwingine, si Chicago. Nasema hivyo kwa sababu ya sheria. Ndani ya Chicago kuna sheria ya wapangaji na wenye nyumba ambayo ina meno. Huko nje mambo yanakwenda kwa sheria ya Kaunti ya Cook ya 2021, ni nzuri lakini si ileile.

Mgeni, mambo ambayo watu hawasomi kwenye mkataba:

Dipoziti. Mwenye nyumba Chicago akichukua dipoziti anatakiwa akupe risiti, aiweke kwenye akaunti ya peke yake yenye riba, akulipe riba kila mwaka, na ukihama akurudishie ndani ya siku 45. Akikiuka, unaweza kudai mara mbili ya dipoziti. Ndiyo maana wengi siku hizi hawachukui dipoziti, wanachukua "ada ya kuingia" ambayo hairudi. Uliza mapema ni ipi kati ya hizo mbili, na ni kiasi gani.

Joto. Kama mwenye nyumba ndiye anayetoa joto, kuanzia tarehe 15 Septemba mpaka tarehe 1 Juni lazima nyumba ifike nyuzi 68 za Farenhaiti, kama 20 za Selsiasi, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa nne na nusu usiku. Usiku ni nyuzi 66. Kama joto unalipa wewe, anatakiwa akupe makadirio ya gharama kabla hujasaini. Ile ya Uptown waombe karatasi hiyo. Nyumba ya zamani yenye madirisha mabovu inaweza kukulipisha gesi mpaka 1,550 ikageuka kitu kingine kabisa.

Kuhama katikati ya mkataba. Ukipata mtu wa kuaminika wa kuchukua nafasi yako, mwenye nyumba hana haki ya kumkataa bila sababu ya maana wala kukutoza ada. Kwa mtu mgeni ambaye hajui kama mtaa utamfaa, hii ni nafuu kubwa.

Na hadhi yako ya uhamiaji: sheria ya Illinois ya 2019 inamkataza mwenye nyumba kukutoa au kukutishia kwa sababu hiyo.

Dada_wa_Kilindini

Mpangaji_Sugu, malizia: ile sheria ya wapangaji ya Chicago HAIHUSU nyumba yenye familia sita au pungufu ambayo mwenye nyumba anaishi humohumo. Na mgeni ndizo anazoshauriwa na Chini_ya_Reli. Ngoja nieleze yaliyonipata mimi, kwa sababu nasoma huu uzi nikiwa na uchungu.

Nilipanga nyumba ya ghorofa tatu, mwenye nyumba akiishi juu. Yangu ilikuwa ile wanayoiita "garden", nusu yake iko chini ya ardhi, madirisha yako usawa wa nyasi. Kodi ilikuwa ndogo kuliko zote nilizoziona, na mtaa ulikuwa mzuri, treni karibu, soko karibu. Mwenye nyumba mtu mpole, alinipokea kwa keki. Miezi ya kwanza sikuwa na neno.

Ikaja mvua ya kiangazi usiku. Niliamka kwa harufu. Nikashusha mguu nikakanyaga maji, na hayakuwa maji ya mvua. Yalikuwa yanapanda kutoka kwenye tundu la sakafu la chumba cha boila na kwenye bafu. Maji taka. Yaliingia kwenye godoro, kwenye sanduku la nguo za mama yangu nilizokuwa nimezitunza, kwenye vyeti vyangu. Nilimpigia simu mwenye nyumba, akashuka, akaangalia, akasema ni mvua, hawezi kuizuia mvua. Alinipa ndoo na mopu.

Nikapiga simu bima. Nilikuwa nalipa bima ya mpangaji kila mwezi, bila kuruka. Wakaniambia maji yanayorudi kutoka kwenye mfereji wa maji taka hayamo, mpaka uwe umeongeza kifungu chake. Kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa kweli, kwa maandishi madogo.

Nilihama. Nilipodai dipoziti, ikakatwa "gharama za usafi". Usafi wa maji taka yaliyoingia kupitia bomba lake! Nilikwenda kwa wanasheria wa msaada wa bure, dada mmoja akanisikiliza vizuri, akaniuliza mwenye nyumba anaishi wapi. Nikasema juu. Nyumba ina familia ngapi? Tatu. Akashusha kalamu. Akanieleza kuwa ile sheria ya mara mbili na siku 45 hainifikii, nibaki na njia ya mahakama ndogo na mkataba wenyewe. Nilipata sehemu tu ya fedha, baada ya kusumbuana muda mrefu.

Baadaye nikaja kujua kwa nini inatokea. Mifereji ya sehemu kubwa ya Chicago inabeba maji ya mvua na maji taka kwenye bomba moja. Mvua ikizidi, bomba linajaa, maji yanatafuta sehemu ya chini kabisa ya kutokea, na sehemu hiyo ni sakafu yako. Mamlaka ya maji taka ya eneo hilo ilianza kuchimba mahandaki makubwa chini ya ardhi mwaka 1975 kupunguza tatizo hilo, na yamesaidia, lakini hayajalimaliza.

Kwa hiyo mgeni, hata mtaa uwe mzuri namna gani, usichukue "garden" kabla ya kumuuliza jirani, si mwenye nyumba, jirani: mvua kubwa ya mwisho ilikuwaje? Uliza kama kuna vali ya kuzuia maji kurudi. Na kwenye bima ongeza kile kifungu, gharama yake ni ndogo.

Nesi_wa_Zamu

Pole sana dada yangu. Nguo za mama zimeniumiza.

Chini_ya_Reli

Pole sana dada. Nimekuelewa na nakubali nilipaswa kutaja hilo. Nilisema ghorofa ya pili lakini.

Mpangaji_Sugu

Pole dada. Na uko sahihi kabisa kuhusu nyumba ndogo. Kwa hizo, kila kitu kiandikwe kwenye mkataba: siku za kurudisha dipoziti, nani anasafisha maji yakiingia, nani anazoa theluji kwenye ngazi. Piga picha kila ukuta siku unayopokea funguo na umtumie kwa barua pepe siku hiyohiyo.

Tairi_Nne

Suala la historia ya mikopo limepita bila kujibiwa. Mgeni, wenye nyumba wengi wanataka mapato mara tatu ya kodi na alama za mikopo. Makampuni makubwa yatakukataa kwa kompyuta kabla mtu hajasoma barua yako. Wenye nyumba wadogo wanakaa na wewe na kusoma barua ya ajira. Ndiyo ugumu wenyewe: wale wanaokukubali kirahisi ndio wengi wao wako nje ya hiyo sheria. Omba hospitali ikuandikie barua inayotaja mshahara na tarehe ya kuanza, chukua na taarifa ya benki. Na dalali kwa kawaida analipwa na mwenye nyumba, akikudai wewe mwezi mzima muulize kwa nini.

Wa_Argyle

Tairi_Nne leo umesema maneno mazito. Kwenye majengo ya zamani ya Uptown na Edgewater yenye ua katikati, unakuta familia nyingi jengo moja, kwa hiyo sheria inakulinda, na wasimamizi wake wengine ni watu unaoweza kuongea nao. Mengi yana redieta za mvuke na joto limo kwenye kodi. Mgeni, usiishie kwenye lile tangazo la Wilson tu.

Kusini_Damu

Hizo redieta mnazisifia hamjaishi nazo? Huwezi kuzipunguza. Januari watu wanafungua madirisha kwa joto, nje theluji.

Wa_Argyle

Afadhali kufungua dirisha kuliko kuvaa koti sebuleni ukiogopa bili ya gesi. Na mtoto wa miaka minne anacheza sakafuni, anahitaji joto.

Hatua_kwa_Hatua

Redieta ya mvuke ikipiga kelele kama nyundo usiku, jengo halijatunzwa, bomba limekaa vibaya na maji yametuama ndani. Siku ya kuangalia nyumba muulize aliye chumba cha jirani. Na hiyo inahusu wote wanaolala mchana pia.

Kusini_Damu

Kuna hata vali ya kupunguza kwenye redieta, sema wenye nyumba hawaweki.

Hatua_kwa_Hatua

Ile ya bomba moja haipunguzwi kwa kuifungua nusu, ama wazi ama funga kabisa, vinginevyo inatema maji sakafuni. Inayosaidia ni vali ya hewa yenye kipimajoto.

Mgeni_Njiani

Wakuu nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Dada wa Kilindini pole sana, na asante kwa kuniepusha, kwa sababu ile ya Hyde Park nilipouliza ni ghorofa ya tatu kweli, ila hapohapo dalali akanipa nyingine ya bei nafuu ambayo ni "garden". Nimeiacha.

Nimemuuliza wa Wilson: chumba cha kulala kinaangalia reli. Nimewaandikia wa jengo lenye ua pale Edgewater, bado hawajajibu. Mke wangu anataka karibu na ziwa kwa ajili ya mtoto, mimi Pilsen naipenda kwa sababu ya kituo kimoja. Hapo tunavutana. Shule ya mtoto vipi?

Nesi_wa_Zamu

Chicago ina darasa la bure la watoto wa miaka minne, siku nzima, kwenye shule za umma. Ila lazima uombe, na nafasi si lazima iwe shule ya mtaani kwako. Ukija Agosti ukasubiri mpaka familia ifike Desemba, nafasi za karibu zitakuwa zimechukuliwa. Omba mara tu upatapo anwani. Na kabla ya kuchagua nyumba angalia shule gani ya awali iko ndani ya mwendo wa mtoto, si mwendo wako. Miguu ya miaka minne kwenye theluji haifiki mbali.

Mzee_wa_Devon

Ndiyo maana nikasema Oak Park.

Chini_ya_Reli

Mzee, wale wana darasa lao na taratibu zao, haya ya Chicago hayawahusu. Mgeni atapata shida mbili badala ya moja.

Mzee_wa_Devon

Basi arudi Rogers Park, joto limo, ziwa lipo, mama amefurahi. Kuamka nusu saa mapema hakujamuua mtu.

Nesi_wa_Zamu

Mzee wangu, kwa heshima, nusu saa baada ya zamu ya saa 12 ndiyo nusu saa unayopitiliza kituo umelala. Nimewaona wenzangu wakiamkia Howard, mwisho wa Red Line.

Koti_Zito

Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi nakuja Loyola mwezi wa tisa, natafuta mtu wa kushea chumba na sebule karibu na chuo. Huku Rogers Park kunguni vipi? Nimesoma vitu vimenitisha.

Mpangaji_Sugu

Koti_Zito karibu. Kunguni ni jukumu la mwenye nyumba kuleta wataalamu na kulipa, ila wewe unatakiwa umpe taarifa kwa maandishi ndani ya siku tano tangu uwaone. Usiokote godoro wala kochi barabarani, hasa mwisho wa mwezi. Fungua uzi wako, utapata majibu zaidi.

Mgeni_Njiani

Jengo la Edgewater wamejibu. Joto limo, ghorofa ya kwanza, halina lifti, dola 1,600, chumba cha kulala kinaangalia uani. Juu ya bajeti kidogo. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Nesi, kutoka stesheni ya Thorndale mpaka Medical District wewe ungetumia muda gani kwa saa zile zetu?

Nesi_wa_Zamu

Karibu saa nzima mlango kwa mlango, siku ambayo Blue Line haina matengenezo. Waambie wakupe mpaka Jumatatu, na uwaulize ghorofa "ya kwanza" kwao ni ipi.